Mtoto Aliyeikimbilia Treni ya Mnyuzi

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi pale Mnyuzi, watoto wamekaa kwenye mikeka wakisubiri uji upoe, mara honi ya treni ikasikika kutoka upande wa Tanga. Treni yenyewe ilikuwa bado haijaonekana. Mtoto mmoja wa kike, umri wake miaka minne hivi, aliruka kama aliyeumwa na siafu, akaangusha kikombe chake, akatoka mbio. Hakulia wala hakumwita mtu. Alikimbia tu, moja kwa moja, kuelekea kwenye reli.

Nilimfuata. Siku hizo nilikuwa na miguu, mwanangu, si hii unayoiona naikokota kutoka barazani kwenda msikitini. Nilimkuta amekwisha kupanda tuta, kokoto zinamteleza chini ya nyayo, na chuma cha reli kimeanza kuvuma. Nikamkumbatia nikashuka naye. Aliniuma mkono mpaka damu ikatoka, akanipiga mateke ya tumbo. Treni ilipotufikia alinyamaza ghafla, akakodolea macho madirisha, behewa hadi behewa, mpaka la mwisho likapita. Lilipopotea, alilegea mikononi mwangu kama nguo iliyolowa.

Mtoto huyo aliitwa Foibe. Nakusimulia habari zake kwa sababu nimesikia umechaguliwa kwenda kusomea malezi ya watoto wadogo. Mama yako aliponiambia nilifurahi, halafu moyo wangu ukaenda mbali, ukachelewa kurudi. Huko uendako utafundishwa mengi na watu waliosoma kunishinda. Lakini kuna jambo nililojifunza kwa mtoto huyu na kwa mkufunzi wetu, Mama Anjelina, nami sipendi kuondoka nalo duniani. Kaa vizuri. Chai ipo, na mzee hasimulii mbio.

Mimi ni Mzigua, nimezaliwa huku huku Handeni. Mwaka mmoja mvua zilikataa, mahindi yakakauka yangali magotini, mama yangu akanituma kwa kaka yake Mnyuzi, ambako walau mto ulikuwa karibu. Zilikuwa zile siku baada ya Uhuru ambapo watu walikuwa wanakusanyika kwenye vijiji vya ujamaa. Kijiji chetu kilikuwa na mchanganyiko wa kila namna. Walikuwamo Wazigua, Wabondei na Wasambaa, na walikuwamo watu waliotoka mbali zamani kuja kukata mkonge: Waha, Wanyamwezi, Wamakonde. Kazi ya mkonge ilikuwa imepungua, makambi yakaanza kutoa watu, nao wakaja kijijini kulima nasi shamba la pamoja. Hakuna aliyekuwa na kitu. Lakini usifikiri tulikuwa watu wa huzuni, mwanangu. Jioni ukipita kati ya nyumba zile ulisikia vicheko vya lugha tano.

Taabu ilikuwa watoto. Akina mama wakienda shambani, wadogo waliachwa na wakubwa ambao nao walikuwa wadogo. Mmoja aliungua na moto, mwingine alitumbukia mtaroni. Ndipo mkutano wa kijiji ukaamua kujenga kituo cha kulelea watoto, na wilaya ikataka watu wawili waende Korogwe wakafunzwe ulezi. Wa kwanza alipatikana upesi, mwanamke mmoja mpole aitwaye Mwajabu. Wa pili hakupatikana, maana kila mwanamke aliyejua kusoma alikuwa na mtoto mgongoni. Mwenyekiti akatazama huku na huku, akaninyooshea kidole mimi.

"Athumani amemaliza shule, na hana mke wala shamba. Ataenda yeye."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mjomba wangu hakucheka. Tulipofika nyumbani alisema, "Nitamwambia nini dada yangu? Kwamba nimemfanya mwanawe yaya?"

Nilikwenda kwa aibu. Hilo ndilo lililonipeleka kwenye kazi niliyoifanya mpaka nywele zikageuka. Riziki ina njia zake, haimwulizi mtu atapenda ipitie wapi.

Mafunzo yalikuwa Korogwe, upande wa Kwamndolwa, kwenye jengo lenye paa la bati na madawati mafupi yaliyotufanya magoti yafike kidevuni. Mama Anjelina alikuwa Msambaa wa makamo, mjane, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alikuwa amesomea kazi hiyo na aliipenda. Siku ya kwanza hakutufundisha kitu. Alituimbisha, akatuchezesha, tukachoka. Mchana ukafika, tunasikia harufu ya maharage jikoni, chakula hakiletwi. Tukaimbishwa tena. Jua likaanza kuinama. Mwanamume mmoja aliyetoka Mombo akamjibu Mwajabu vibaya kwa sababu ya kiti. Mwajabu, mtu mpole nakwambia, akasukuma meza. Mimi nilikuwa nimenuna kabisa, sitaki kuimba.

Mama Anjelina akatutazama sote, akasema, "Sasa mmefika ninapopataka. Nyinyi ni watu wazima, mmekosa chakula nusu siku tu, na mnajua kwamba kipo jikoni. Mnagombana. Huko vijijini mtaletewa mtoto aliyelala bila kula, ambaye baba yake hana kazi na mama yake anaumwa. Atampiga mwenzake. Nyinyi mtasema ana adabu mbaya."

Akaruhusu maharage yaletwe.

Mwenye njaa hana miiko, walisema wahenga, lakini mimi sikuwahi kulifikiria neno hilo kuhusu mtoto mdogo. Tangu siku ile nikimwona mtoto amekasirika hutazama kwanza tumbo lake, kisha macho yake kama amelala, kisha huuliza nyumbani kwao kumetokea nini. Adabu huja mwishoni.

Tulikaa naye miezi kadhaa. Alitufundisha kupika uji usio na mabonge, kufinyanga udongo, kutengeneza wanasesere kwa katani, na nyimbo nyingi ambazo nyingine bado naziimba nikiwa peke yangu. Lakini somo lake kuu lilikuwa moja, alilizungusha kila siku. Alisema moyo wa mtoto ni maji ya mtungi yaliyotikiswa. Ukitia mkono kuyatuliza unazidi kuyavuruga. Mtungi unautua mahali palipotulia, maji yanashuka yenyewe.

"Na mahali hapo ni wewe mlezi," alisema. "Usipotulia wewe, mtoto atatua wapi?"

Tukarudi Mnyuzi, tukafungua kituo. Nyumba ya miti na udongo, ukumbi mrefu, mikeka, chungu cha uji, bembea ya kamba ya mkonge. Watoto walikuwa wamezoea kumwita kila anayewalisha mama, basi na mimi wakaniita Mama Athumani. Vijana wenzangu walilichukua jina hilo wakaenda nalo mpaka kilabuni. Sikujali sana. Mtu akikujia mikono miwili juu, anataka umnyanyue, kicheko cha barabarani hukisikii.

Sasa Foibe. Baba yake aliitwa Yohana, Muha wa Kigoma, mtu mnyamavu aliyekata mkonge tangu ujana. Mama yake alipatwa na kifua kikuu. Siku hizo, mwanangu, ugonjwa huo ulimweka mtu hospitali miezi na miezi, na watoto hawakuruhusiwa kuingia wodini. Walimpeleka Tanga kwa treni. Foibe alisimama stesheni ameshikwa mkono na jirani, akamwona mama yake anapanda, mlango unafungwa, treni inaondoka.

Akaanza kuuliza. Na kila aliyeulizwa alimhurumia, akamjibu, "Mama anakuja na treni." Jirani alisema hivyo, baba yake alisema hivyo, muuza vitumbua wa stesheni alisema hivyo. Uongo wa huruma ni mtamu, nao hauna gharama kwa anayeutoa. Mtoto ndiye aliyeulipia. Kila honi ilipolia, aliamini kwamba mama yake yumo humo, na asipowahi mama atampita.

Baada ya asubuhi ile niliyokuambia, alikimbia tena na tena. Habari ikafika kwenye halmashauri ya kijiji, tukaitwa mimi na Mwajabu. Mzee mmoja aitwaye Kibwana akasema, "Samaki mkunje angali mbichi. Huyo anataka fimbo tu."

Mwajabu akamjibu kwa heshima, "Mzee wangu, fimbo itamfundisha kutukimbia sisi. Treni itabaki palepale."

Mwingine akashauri afungwe kamba kiunoni, saa ya treni ikipita afunguliwe. Mwingine akasema atishwe, aambiwe kwamba treni hula watoto. Mwisho mwenyekiti akasema kwa masikitiko kwamba mtoto akifa mikononi mwetu kituo kitafungwa, na watoto wote watarudi mitaroni. Akatupa muda mpaka mavuno. Tukishindwa, Foibe atabaki nyumbani. Na nyumbani, mwanangu, hakukuwa na mtu. Angefungiwa mlango kutwa.

Jioni ile nilikwenda kwa Yohana. Nilimkuta uani anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, Baba Foibe."

"Marahaba. Amekimbia tena?"

"Amekimbia. Baba Foibe, mtoto anaambiwa kila siku kwamba mama yake anakuja na treni."

"Ndiyo. Ulitaka nimwambieje?"

"Umwambie ukweli."

Aliweka panga chini. "Ukweli upi, Athumani? Mimi mwenyewe siujui. Daktari alisema nisubiri. Sijui nasubiri mtu au nasubiri maiti. Hayo ndiyo nimwambie mtoto wa miaka minne?"

Nilikuwa kijana mbele ya mtu mzima, na maneno yalitaka kunikimbia. Nikamwambia yale niliyofundishwa Kwamndolwa: kwamba mtoto anaweza kubeba neno zito akiwa ameshikwa mkono. Neno la uongo atalibeba peke yake, kwa sababu wewe uliyempa unajua si la kweli, wala huwezi kulishika pamoja naye.

Yohana aliuegemeza mpini ukutani. Kisha akamwita mtoto, akampakata.

"Foibe, mama anaumwa. Yuko hospitali. Wanampa dawa. Baba hajui atarudi lini."

Mtoto akamtazama. "Treni ya leo haina mama?"

"Haina."

"Ya kesho?"

"Sijui, mwanangu. Siku akija, nitakuambia mimi. Huna haja ya kumkimbilia. Na mimi siendi popote."

Foibe hakulia. Alishika kifungo cha shati la baba yake akakizungusha mpaka akasinzia. Mimi niliaga nikaondoka, na njiani nilijiona nimefanya jambo kubwa.

Kesho yake akakimbia vilevile. Usije ukadanganywa, mwanangu, na mtu atakayekuambia kuna neno moja ukilisema mtoto anapona. Ukweli ulikuwa umefungua mlango tu, kutembea kulikuwa bado.

Basi mimi na Mwajabu tukapatana. Honi ikilia, yeye atabaki na watoto wote na kuwaimbisha. Mimi nitaacha chochote nilichoshika, nimwendee Foibe nimpe mkono kabla hajainuka. Sikumzuia kwenda kuiona treni. Nilikwenda naye. Karibu na tuta kulikuwa na taruma kuukuu la reli lililotupwa, gogo zito lenye harufu ya lami, ndilo tulilokalia, mbali kiasi cha kutosha. Siku za kwanza nilimshika kwa nguvu zote, naye akipigana. Moyo wangu mwenyewe ulikuwa ukidunda, na nilimkumbuka Mama Anjelina na mtungi wake. Nikajifunza kuvuta pumzi ndefu kwanza, nikatulia mimi, ndipo nikamwambia, "Unamtaka mama. Najua unamtaka sana."

Halafu nikachukua kiganja chake nikakiweka kifuani pake. "Sikiliza. Moyo unakimbia. Tuungoje uchoke."

Tuliungoja. Treni ilipita. Lilipoisha behewa la mwisho nilimwambia, "Sio leo." Naye siku moja, sijui ilikuwa siku ya ngapi, akaitikia kwa sauti ya chini, "Sio leo." Tukarudi kunywa uji.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Polepole miguu yake ikaacha kukimbia, akawa anakuja kunishika kidole mwenyewe honi inapolia. Mavuno yakaja, mwenyekiti akaja kutazama, akamwona ametembea kwenda na kutembea kurudi, akaondoka, na habari ya kumfungia nyumbani haikutajwa tena. Baadaye ikafika siku ambayo sitaisahau. Nilikuwa nimebeba chungu cha uji, siwezi kukiacha, na honi ikalia. Foibe alikuwa anafinyanga. Akasimama. Akanitazama, akaona mikono yangu imejaa. Akaweka kiganja chake kifuani, na udongo wote ule, akasubiri. Treni ikapita. Akasema peke yake, "Sio leo," akakaa, akaendelea na kijungu chake.

Mwajabu aligeukia ukutani ili watoto wasimwone anavyolia.

Masika yakaja yakaondoka, vuli zikaja. Na mama yake akarudi. Hakuja na treni. Alipanda lori la mizigo kutoka Tanga, akashuka barabarani, akaja kwa miguu mchana kweupe, amenenepa kwa chakula cha hospitali, nywele zimekatwa, kitenge kigeni. Yohana alikuwa amemwambia mtoto tangu asubuhi, kama alivyoahidi. Mama alipofika uwanjani kwetu alipiga magoti, akafungua mikono.

Foibe alimtazama kwa muda. Kisha akakimbia, akaja kujificha nyuma ya miguu yangu, akashika suruali yangu kwa mikono yote miwili.

Mwanangu, sura ya mwanamke yule naiona mpaka leo. Alikuwa amevumilia sindano zote zile kwa ajili ya siku hiyo.

Mambo yakaendelea hivyo. Mama anakuja kumchukua mtoto, mtoto ananing'ang'ania. Nilimbembeleza mama, nikamwambia avumilie. Wiki hiyo Mama Anjelina alikuja katika ziara zake za kutembelea vituo. Alikaa pembeni kwenye kigoda, akaona kila kitu. Watoto walipoondoka aliniita.

"Athumani, umefanya kazi nzuri. Nimewaambia wengine habari zako."

"Asante, mama."

"Lakini leo mtoto alipomkimbia mama yake akaja kwako, mimi nilikuwa natazama uso wako. Ulifurahi."

Nikataka kukana. Alinitazama tu, kwa upole.

"Sikulaumu," akasema. "Mtu aliyemtuliza mtoto hupendwa, na kupendwa ni kutamu. Ila wewe ni kivuko, mwanangu. Watu hupita kwenye kivuko kwenda kwao. Hakuna anayejenga nyumba hapo. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na yule mama ameusubiri kitandani muda wote huo. Mrudishie mtoto wake."

"Nitamrudishaje, mama, naye hataki?"

"Atakutazama wewe kwanza ajue kama pale ni salama. Basi wewe ndiye utakayemwonyesha."

Nilikwenda kujificha nyuma ya ghala la kijiji nikalia kidogo, kisha nikanawa uso.

Tangu kesho yake nilimpa mama kikombe cha Foibe, akawa anamnywesha yeye. Nilimfundisha mwanamke yule yote: nyimbo azipendazo, kwamba hapendi kushikwa kichwani, kwamba akikasirika usimsemeshe haraka. Alisikiliza kama mwanafunzi. Inauma, mwanangu, mzazi kufundishwa mtoto wake na mtu mwingine, lakini hakuona haya. Kisha nikamwonyesha lile taruma, nikamweleza desturi yetu.

Honi ilipolia siku hiyo, Foibe alinijia na mkono wake tayari. Nilichuchumaa. Nikamwambia, "Leo nenda na mama. Mimi nipo hapa." Alinitazama machoni, anatafuta. Nami nilijitahidi uso wangu uwe mweupe, usiwe na kamba yoyote ya kumvuta. Akageuka. Akaenda, polepole, akakaa ncha ya pili ya taruma, mbali na mama yake.

Nilisimama mlangoni na Mwajabu. Treni ikapita. Behewa la mwisho likaisha. Tukamsikia Foibe akisema, kama alivyozoea, "Sio leo."

Mama yake akamwambia, "Nimeshakuja, mwanangu."

Mtoto aligeuka akamtazama kwa mara ya kwanza sawasawa. Halafu akalia. Kilio kile hakikuwa cha mtoto aliyeanguka. Kilikuwa kilio cha miezi yote, kikubwa kuliko mwili wake. Alimpiga mama yake ngumi kifuani, anasema, "Ulienda, ulienda," na mama akanitazama kwa hofu, anauliza kwa macho kama amfanye nini. Nikampungia mkono kwamba amwache alie. Akamkumbatia. Wakalia pamoja mpaka jua likahama. Waliporudi, mtoto alikuwa amebebwa mgongoni, amelala.

Hakunikimbilia tena. Alinisalimia tu, kama watoto wengine.

Haukupita muda, Yohana akaamua kurudi kwao Kigoma. Ndugu zake walimwita, na mke wake alihitaji kuwa karibu na watu wake. Nilikwenda stesheni kuwaaga. Yohana alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na Mama Foibe alinipa kitambaa alichokishona hospitali. Foibe alikuwa amepewa hindi la kuchoma. Alipanda treni ile ile aliyokuwa akiikimbilia, akakaa mapajani kwa mama yake dirishani, akawa anatafuna hindi lake na kutazama mbuzi waliokuwa upande wa pili. Nilimpungia. Hakuniona. Treni ikaondoka.

Nilirudi kituoni, nikakuna nazi, nikafagia. Mchana honi ya treni nyingine ikalia, na mimi ndiye niliyesimama. Mwajabu akanitazama akasema taratibu, "Nenda ukakae, Athumani. Watoto nitawaangalia." Nikaenda nikakaa kwenye taruma peke yangu mpaka kelele zote zikaisha.

Sikupata habari zao tena. Sasa atakuwa mtu mzima mwenye wajukuu, kama Mungu amempa uhai, na sidhani kama analikumbuka jina langu. Mama Anjelina alishatangulia, Mwajabu naye. Kituo chetu hakipo, kilianguka wakati wa mvua moja kubwa na hapana aliyekisimamisha. Nililea watoto wengi baada ya hapo, na nilifundisha walezi wengi, lakini kuna siku nakaa hapa Chanika, Handeni, mke wangu ananiuliza nawaza nini, nami namwambia siwazi kitu. Namkumbuka Foibe. Namkumbuka anavyokula hindi lake bila kunitazama, na ule ndio ulikuwa ushahidi kwamba tulifanya kazi yetu vizuri. Alikuwa na mama, ameshiba, hana sababu ya kutafuta uso wa mtu mwingine.

Basi nasaha yangu kwako, mwanangu, ni hii. Utaletewa watoto waliokasirika, na wengi wao watakuwa na njaa, au hofu, au wanamtaka mtu asiyekuwepo. Usiwaite wabaya. Tulia wewe kwanza, maana huwezi kumpa mtoto utulivu usiokuwa nao. Usimdanganye ili anyamaze. Mwambie ukweli kwa kadiri ya umri wake, na baada ya kumwambia usiondoke, kaa naye. Mzazi wake akiwa maskini, amechoka, hajui la kusema, usimdharau, maana aliyekalia mwiba ndiye ajuaye uchungu wake, nawe umsaidie asimame mwenyewe mbele ya mtoto wake. Na kuhusu moyo wako, sikufichi. Utawapenda, nao wataondoka. Hamu hiyo haina dawa, wala usiitafutie. Ibebe vizuri. Anayeifanya kazi hii bila kuumia, labda hakuwashika watoto kwa mikono yote miwili.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe kifua kipana na sauti ya chini. Akupe subira siku uji utakapopungua na watoto wamezidi. Awape watoto wa watu amani mkononi mwako, na siku wakikuacha waende kwao salama, wameshiba, hawageuki nyuma. Na wewe Mungu akujalie watu wa kukaa nawe siku hiyo. Amina.